Uzi: Michanganyiko ya karanga, korosho na viungo kwa watoto wadogo: kipi kianze mapema na kipi kisubiri

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Swali la lini mtoto aanze kupewa unga wa karanga, korosho, lozi na ufuta uliosagwa pamoja na mdalasini, iliki au kungumanga hujibiwa mara nyingi kwa kutaja umri tu: mmoja husema miezi sita, mwingine mwaka mmoja, mwingine miaka mitatu, na kila mmoja ana mfano wake wa mtoto aliyekula asipatwe na lolote. Naona tunauliza maswali mawili kana kwamba ni moja. Ndani ya kopo moja la unga huo mna vitu vya aina mbili ambavyo kanuni zake zinapingana. Karanga na kokwa za mitini, yaani korosho, lozi, jozi, pistachio na nyinginezo, hazifai kucheleweshwa kwa mtoto ambaye ameshaanza kula. Viungo havina haraka yoyote, kwa sababu hakuna kirutubisho ambacho mtoto atakikosa kwa kutopewa mdalasini. Kwa hiyo mchanganyiko huja mwisho, baada ya kila kilichomo kujulikana peke yake.

Nianze na karanga, kwa kuwa hapo ndipo ushauri wa kitabibu ulipogeuka kabisa. Mwaka 2000 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto mwenye hatari kubwa ya mzio asipewe karanga hadi atimize miaka mitatu, na mwaka 2008 kikauondoa ushauri huo baada ya kuonekana kwamba hauna ushahidi wa kutosha. Mwaka huohuo wa 2008 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wale wa Israeli, ambako watoto huanza kula vyakula vya karanga wakiwa wadogo sana. Mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 kwa watoto wa Uingereza na asilimia 0.17 tu kwa wale wa Israeli. Ulinganisho wa namna hiyo hautoshi kuthibitisha sababu, ndipo ukafanyika utafiti wa LEAP chini ya Profesa Gideon Lack wa London, uliochapishwa mwaka 2015. Watoto 640 wa kuanzia miezi minne hadi chini ya kumi na mmoja, wote wakiwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai au vyote viwili, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wale karanga mara kwa mara, nusu waziepuke hadi miaka mitano. Miongoni mwa wale ambao kipimo chao cha ngozi hapo mwanzo hakikuonyesha dalili yoyote, walioepuka walipata mzio kwa asilimia 13.7, na waliokula kwa asilimia 1.9. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2024, watoto hao wakiwa wamefikia umri wa kubalehe, ulionyesha kwamba kinga hiyo bado ilikuwapo, ingawa wengi wao walikuwa wamejilia karanga au kuziacha kama walivyopenda tangu walipomaliza utafiti wa awali.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwili hujifunza kuhusu chakula kwa njia mbili. Protini ya karanga ikiingia kupitia tumboni, mfumo wa kinga huelekea kuizoea. Ikiingia kupitia ngozi iliyochubuka, kwa mfano kutokana na vumbi la nyumba au mafuta ya kupaka yenye karanga, mfumo huohuo huelekea kuichukulia kama adui. Ndiyo maana mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiye anayehitaji zaidi kulishwa mapema, na ndiye pia ambaye hatupaswi kumpaka mafuta ya karanga wala ya lozi kwenye sehemu zenye majeraha.

Sasa namna ya kumpa. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha vyakula vya nyongeza, na katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23 limetaja kunde, kokwa na mbegu kuwa vyakula vya kuliwa mara kwa mara. Mtoto awe ameshazoea chakula laini cha kawaida kwanza, awe mzima, asiwe na homa wala harara mpya, na jaribio lifanyike mchana, ili mlezi awe naye macho kwa muda wa kutosha. Chukua siagi laini ya karanga isiyo na chumvi, sukari wala asali, vijiko viwili vya chai, uilainishe kwa maji ya moto yaliyochemshwa au kwa maziwa anayotumia mtoto hadi iwe nyepesi, kisha iache ipoe. Mpe kiasi cha kuloweka ncha ya kijiko, usubiri kama dakika kumi, na pasipo na lolote umalizie taratibu. Endelea kumwangalia kwa saa mbili. Vijiko hivyo viwili vina takribani gramu mbili za protini ya karanga, na katika LEAP watoto walikula angalau gramu sita kwa wiki katika milo mitatu au zaidi. Onjo moja kisha kimya cha miezi miwili halijengi kitu. Chakula kilichokubaliwa kinapaswa kubaki katika ratiba ya wiki.

Baada ya karanga, nenda kwenye korosho, kisha lozi, kisha jozi, kisha ufuta, kila kimoja kwa siku zake chache. Sababu ya kutovichanganya ni ya kiutendaji zaidi kuliko ya kinadharia. Mtoto akivimba midomo baada ya kijiko cha unga wenye vitu saba, hakuna anayejua ni kipi kilichomdhuru, na mara nyingi familia huishia kumnyima vyote saba kwa miaka, jambo ambalo kwa ushahidi nilioutaja linaweza kumwongezea hatari badala ya kumpunguzia. Ujue pia kwamba korosho na pistachio ni za ukoo mmoja, kiasi kwamba mwenye mzio wa moja huwa na mzio wa nyingine mara nyingi. Jozi na pekani nazo ni hivyohivyo. Karanga yenyewe si ya kundi hilo hata kidogo, kwani ni jamii ya kunde, na kuikubali karanga hakukuhakikishii lolote kuhusu korosho.

Viungo nitavigusa hapo chini, kwani najua maswali yatakuja.

#2 – Mama Pacha

Ahsante sana kwa uzi uliopangika. Nina watoto wawili wa miezi saba, mmoja ana pumu ya ngozi ambayo dawa za kupaka haziitulizi vizuri, mwingine ngozi yake ni safi. Je, wote wawili waanze kwa utaratibu huo uliouandika? Na je, kuwapa karanga nzima zilizochemshwa zikalainika kuna ubaya?

#3 – Mleta uzi

Dada Mama Pacha, hapana, wasianze sawa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 uliotokana na LEAP uliwagawa watoto katika makundi matatu. Mwenye pumu kali ya ngozi, au mzio wa mayai, huonwa na daktari kwanza, kwa kipimo cha damu au cha ngozi, na ikibidi onjo la kwanza hufanyika kliniki. Kundi hili ndilo linaloweza kuanza mapema kuliko yote, kati ya miezi minne na sita, kwa uamuzi wa daktari. Mwenye pumu ya ngozi ya kadiri au hafifu huanza nyumbani akiwa na takribani miezi sita. Asiye na tatizo lolote huanza pamoja na vyakula vingine kadiri familia inavyokula. Mwanao ambaye dawa hazimtulizi mpeleke kwanza, lakini mpeleke upesi, kwa kuwa kungoja kwenyewe kuna gharama yake. Katika LEAP waliachwa nje kabisa watoto ambao kipimo cha ngozi kilivimba kupita milimita nne, na hiyo ni ishara tosha kwamba wapo ambao hatupaswi kujaribu nao jikoni.

Kuhusu karanga nzima, jibu ni hapana, hata zikiwa zimechemshwa. Hili halihusu mzio. Mtoto wa umri huo hana magego ya kusagia, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Punje ya karanga ikipita kuelekea mapafuni, mara nyingi kwenye bomba la kulia ambalo ni pana na limesimama wima zaidi, hufyonza unyevu, huvimba, na mafuta yake huleta uvimbe wa tishu zinazoizunguka. Huduma ya afya ya Uingereza inasema kokwa nzima zisitolewe kabla ya miaka mitano, na madaktari wa watoto wa Marekani husema miaka minne. Mimi huchukua ule mkubwa zaidi. Vipande vilivyokatwakatwa bado ni hatari kwa mtoto wa miezi saba. Siagi nzito iliyochotwa kwa kijiko nayo hunata kooni na inaweza kumpalia, na unga mkavu ukirushwa mdomoni huvutwa pamoja na pumzi. Kwa hiyo ni ama siagi iliyolainishwa, au unga laini uliokorogwa ndani ya chakula chenye maji hadi usionekane.

#4 – Mzee wa Bustani

Ndugu mleta uzi, nakubaliana na mengi, ila naona unawaogopesha watu kuhusu viungo bila sababu. Mama anayenyonyesha hula viungo na ladha zake hupita katika maziwa. Kwa nini basi mtoto angojee?

#5 – Mleta uzi

Mzee wangu, hoja yako ni ya kweli na nisingependa ieleweke kwamba viungo ni sumu. Ladha za vyakula anavyokula mama hufika katika maji ya uzazi na katika maziwa. Utafiti wa Julie Mennella na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti kwa urahisi zaidi walipoanza kula. Mtoto wa miezi sita au saba anaweza kabisa kuonja chakula chenye giligilani, binzari nyembamba au iliki kidogo, na mimi naona kufanya hivyo ni vyema kuliko kumzoesha chumvi na sukari.

Shida yangu iko kwenye unga usiojulikana ulikotoka, na kwenye kiasi. Viungo huuzwa kwa uzito na huthaminiwa kwa rangi, na hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba manjano ya Bangladesh ilikuwa ikitiwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani yenye madini ya risasi, ili ing'ae. Mwaka 2023 nchini Marekani vifuko vya tufaha lililopondwa, lililotiwa mdalasini, viliwaletea mamia ya watoto risasi katika damu, na uchunguzi ukaelekea kwenye kromati hiyohiyo ndani ya mdalasini. Risasi haina ladha wala harufu ya kukuonya, haiondolewi kwa kupika, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya kile ambacho mtu mzima hufyonza kutoka katika chanzo kilekile. Madhara yake kwenye ubongo unaokua hayarudi nyuma. Kinga inayowezekana nyumbani ni kununua kiungo kikiwa kizima, kijiti au mbegu, kukisafisha, kukikausha na kukisaga mwenyewe kidogokidogo. Hata hivyo si kinga kamili, kwa sababu mizizi ya manjano nayo ilikuwa ikipakwa rangi hiyo juu ya ganda. Unga wenye rangi kali isiyo ya kawaida uachwe dukani.

Kuhusu kiasi, mdalasini wa kasia, ambao ndio ulioenea zaidi katika unga, una kumarini, dutu inayoweza kulidhuru ini kwa watu wepesi kuathirika. Taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilikadiria kwamba mtoto wa kilo 15 asizidishe takribani nusu gramu ya mdalasini huo kwa siku ikiwa anaula kila siku, na mtoto wa kilo nane hufikia mpaka wake mapema zaidi. Mdalasini wa Ceylon una kumarini kidogo sana. Kungumanga nayo ikizidi hupumbaza na kuuendesha moyo mbio kwa sababu ya miristisini iliyomo, kwa hiyo ni chembe tu iliyokunwa, na kwa mtoto wa chini ya mwaka mimi huiacha kabisa. Pilipili huchoma kwa kugusa vipokezi vya maumivu na joto, na mtoto aliyeipata mdomoni huipeleka machoni kwa vidole vyake. Hakuna sababu ya kumharakishia. Tahadhari moja iliyo nzito kuliko zote hizi: asipewe chai ya anisi yenye umbo la nyota. Aina ya Kijapani yenye sumu hufanana nayo mno, na mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watoto wachanga kupata degedege.

Kuna pia viungo ambavyo kwa mzio havitofautiani na karanga. Haradali imo katika orodha ya Ulaya ya vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo, pamoja na ufuta na figili ya majani inayoitwa seleri. Uwatu ni jamii ya kunde kama karanga, na baadhi ya wenye mzio wa karanga huathirika nao. Hivi vianzishwe kimoja kimoja kama kokwa. Mdalasini, iliki na giligilani havihitaji utaratibu mkali hivyo, lakini navyo huonjwa kimoja kwanza.

#6 – Msomaji Kimya

Mtoto wangu alipata wekundu kuzunguka mdomo baada ya kula chakula chenye mdalasini na nyanya, ukaisha baada ya nusu saa. Nimeambiwa ni mzio. Ni kweli? Na nitajuaje hali ya hatari?

#7 – Muuguzi wa Zamu

Naomba nijibu hili kwa kuwa nalishughulikia kazini. Wekundu bapa unaobaki pale tu chakula kilipogusa, bila kuinuka na bila kusambaa, kwa kawaida ni mwasho wa ngozi unaotokana na asidi au mafuta ya kiungo. Mdalasini na nyanya vinajulikana kwa hilo. Kupaka mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla ya mlo husaidia. Mzio huonekana kwa mabaka yaliyoinuka yanayowasha na kutokea hata mbali na mdomo, midomo au macho kuvimba, kutapika kwa kurudia. Kwa kawaida huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Ukiona dalili hizo, acha chakula hicho, andika kilichokuwamo na saa, kisha muone daktari kabla ya kumpa tena.

Dharura ni pale pumzi au mzunguko wa damu unapohusika: kikohozi kisichokoma, mluzi kifuani, sauti kukauka, mtoto kupauka, kulegea ghafla au kuwa na usingizi usio wa kawaida. Mtoto mchanga hawezi kusema koo linabana, kwa hiyo kulegea kwake ni neno lake. Dawa yake ni adrenalini ya sindano kwenye paja, upande wa nje, na huitwa msaada au hukimbizwa hospitalini mara moja. Dawa za mzio za kunywa hupunguza mwasho tu. Hazizuii hali hiyo, na kuzisubiri zifanye kazi kumepoteza muda wa wengi. Mlaze mtoto, usimbebe wima akiwa amelegea, isipokuwa kama anahangaika kupumua.

Ipo pia aina ambayo haina mabaka kabisa: mtoto huanza kutapika sana saa moja hadi nne baada ya kula, akawa mweupe na mlegevu. Wazazi huidhania kuwa ni tumbo la kawaida kwa sababu chakula kimeshasahaulika. Ikitokea mara ya pili baada ya chakula kilekile, tajeni jambo hilo mkifika kwa daktari.

Na kuhusu kupaliwa kulikotajwa hapo juu: mtoto wa chini ya mwaka hupigwa mara tano mgongoni akiwa amelala kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, kisha hubonyezwa kifua mara tano kwa vidole viwili au vidole gumba. Kubonyeza tumbo ni kwa aliyezidi mwaka. Mafunzo ya vitendo ya nusu siku yana faida kuliko maelezo yangu haya.

#8 – Mama Pacha

Nashukuru nyote. Swali la mwisho: je, unga uliotengenezwa tayari, ambao lebo yake inasema ni kwa ajili ya watoto, ninaweza kuuamini? Na ule ninaousaga mwenyewe niuhifadhi vipi?

#9 – Mleta uzi

Dada, soma orodha ya viambato kabla ya picha ya mtoto anayecheka. Asali, hata ya unga, haipaswi kuwamo kwa mtoto wa chini ya miezi 12, kwa sababu ya mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzizuia zisiote. Chumvi iliyopendekezwa Uingereza kwa umri huo ni chini ya gramu moja kwa siku kwa vyakula vyote, na sukari ya kuongeza haihitajiki kabla ya miaka miwili. Lebo iliyoandikwa "kokwa mchanganyiko" au "viungo" bila kutaja kila kimoja ni sababu ya kurudisha kopo mahali pake. Wapo wanaouza unga wenye chembe za vizio vingi, yaani vyakula viletavyo mzio, kwa pamoja kama njia ya mkato ya kumzoesha mtoto. Kasoro ninayoiona ni kwamba kiasi cha kila protini huwa kidogo sana ukilinganisha na zile gramu sita za LEAP, na mtoto akidhurika tunarudi palepale pa kutojua kilichomdhuru.

Kwa unga wa nyumbani, adui mkubwa ni unyevu. Karanga na baadhi ya kokwa zisipokaushwa vizuri huota ukungu wa Aspergillus unaotoa sumukuvu, ambayo huhusishwa na saratani ya ini, na kukaanga kunaipunguza tu bila kuiondoa. Kwa hiyo chagua punje moja moja kabla ya kusaga, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye uchungu, na usijaribu kuokoa sehemu nzuri ya punje mbovu. Saga kiasi cha wiki moja au mbili, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, ndani ya jokofu kama lipo, maana mafuta ya kokwa huchacha haraka zikishasagwa. Bakteria wa salmonela nao huishi muda mrefu katika vitu vikavu, katika siagi ya karanga na katika viungo, bila kuongezeka na bila kufa. Tia viungo chakula kikiwa bado jikoni kinachemka, badala ya kunyunyiza juu ya sahani baada ya kukiepua.

Ukishamaliza orodha yako, kila kokwa ikiwa imekubaliwa mara kadhaa na viungo viwili vitatu vikiwa vimeonjwa, hapo ndipo uchanganye. Andika kwenye kifuniko vilivyomo na tarehe, hasa kama kuna mlezi mwingine anayemlisha mtoto usipokuwapo. Kwa yule mwenye pumu ya ngozi, weka kopo lake mbali na la mwenzake hadi majibu ya daktari yatoke, na yule mwingine akishamaliza kula, mfute mikono na uso kabla hajamgusa ndugu yake.